Sindano za Kichina: Swali la Dhambi Lisitangulie

Tunapokwenda utume wa mwisho wa juma katika jumuiya ndogondogo, kuna swali ambalo siku hizi tunaulizwa mara kwa mara: "Fratera, je, ni dhambi Mkristo kwenda kuchomwa zile sindano za Kichina?" Wanaouliza si watu wa ubishi. Wengi ni wazee wa viuno na magoti, akina mama walioinamia jembe miaka arobaini, ambao sasa wanaifuata Misa redioni kwa sababu kilima cha kwenda kanisani kimewashinda. Mmoja ameambiwa na mwanawe aliyeko mjini kwamba kuna kliniki inasaidia; mwingine ameambiwa na jirani kwamba huo ni ushirikina mtupu.

Swali lao ni halali. Tunachosema sisi ni kwamba lisitangulie. Mgonjwa anayeanza na dhambi husahau kuuliza kama sindano ni mpya, na anayeishia hapo huenda akabaki na maumivu yasiyo ya lazima, au akampa fedha zake tapeli asiye na ushirikina wowote.

Hofu inatokana na maelezo ya asili ya tiba hii. Wachina wa kale walifundisha kwamba mwilini hupita nguvu ya uhai iitwayo qi, katika mikondo maalumu, na kwamba sindano ikichomwa mahali panapofaa huirudishia nguvu hiyo mwendo wake. Muumini akisikia "nguvu" anakumbuka mganga, hirizi na chale. Lakini jina akupancha lenyewe limetoka kwenye Kilatini chetu cha darasani: acus, sindano, na punctura, kuchoma. Mganga Mholanzi Willem ten Rhijne, aliyeiona tiba hii huko Japani, ndiye aliyewaandikia watu wa Ulaya juu yake kwa jina hilo mwaka 1683. Daktari wa leo anaweza kuchoma sindano hizo bila kuamini habari za qi, na wengi hufanya hivyo, wakieleza kazi yake kwa njia ya mishipa ya fahamu.

Kanisa halijaikataza. Hati ya Vatikani ya mwaka 2003 kuhusu New Age inaitaja akupancha katika orodha ndefu ya tiba zinazotangazwa pamoja na fikra hizo, na ni vema kulikumbuka onyo hilo. Hata hivyo, kinachopimwa pale ni mtazamo wa kumfanya mwanadamu ajiokoe kwa nguvu iliyo ndani yake. Kipande cha chuma si imani. Mchomaji akianza kukufundisha kutafakari nishati ya ulimwengu, au akikuuliza nani amekuroga, hapo ndipo swali la dhambi linapofika mahali pake. Inuka uondoke.

Sasa tuseme yale ambayo mgonjwa mpya haambiwi. Sindano hizi ni nyembamba mno, hazina tundu na hazibebi dawa. Hukaa mwilini kwa kawaida dakika 20 hadi 30. Utasikia mchomo mdogo, kisha uzito au ganzi kidogo. Maumivu makali si dalili ya kupona, mwambie aichomoe. Kwenda mara moja hakutoshi, na mara nyingi hupangwa vipindi kadhaa kwa wiki chache. Usiende na njaa, maana wengine huzimia. (Kwa wale watakaopangiwa Jumatano ya Majivu: mgonjwa halazimiki kufunga.)

Je, inasaidia? Kwa kiasi, na kwa baadhi ya mambo: maumivu ya muda mrefu ya mgongo na magoti, aina fulani za maumivu ya kichwa, kichefuchefu baada ya upasuaji. Katika utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa wa mgongo zaidi ya 1,100 waligawanywa makundi matatu. Baada ya miezi sita, asilimia 48 hivi ya waliopata akupancha halisi walikuwa na nafuu, na asilimia 27 tu ya waliopata tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi. Lakini kundi la tatu, lililochomwa juujuu mahali pasipo na "pointi" yoyote, lilipata nafuu kwa asilimia 44. Kwa maneno mengine, nafuu ilikuwepo, ila ramani ya mikondo ilichangia kidogo sana. Takwimu hizo zinampa mzee sababu ya kujaribu, na zinamnyima mfanyabiashara haki ya kujigamba.

Hatari zake ni chache mikononi mwa aliyesomea. Sindano iliyotumika kwa mwingine inaweza kuleta homa ya ini aina ya B au virusi vya UKIMWI, kama ule wembe wa chale tulioupigia kelele miaka yote. Kwa hiyo pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako, na sindano itupwe baada yako. Ikichomwa kwa kina kifuani inaweza kutoboa pafu, ingawa ni mara chache. Mwambie mapema kama una mimba, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kama una kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, kwa kuwa wengine huunganisha sindano na umeme mdogo. Tena muulize cheti chake bila aibu. Hapa Tanzania Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mtoa huduma asajiliwe. Kuwa Mchina si cheti, ingawa tunawashukuru madaktari wa China waliohudumu Zanzibar tangu 1964.

Kabla ya hayo yote, pita hospitali ujue unaumwa nini. Hili tunalisisitiza kwa sababu kiuno kinachouma pamoja na homa za jioni na kupungua uzito kinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na mgonjwa wa namna hiyo akitulizwa kwa sindano miezi mitatu anaweza kupooza. Maumivu yakiambatana na miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Tunarudi kwa tapeli, maana yeye ndiye anayetusumbua kuliko qi. Kuna matangazo yanayoahidi kuponya kisukari, presha, saratani na UKIMWI kwa sindano, na mgonjwa anashauriwa kwa upole "apumzishe" dawa za hospitali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, inapokemea uchawi inakemea pia kutumia vibaya wepesi wa watu wa kuamini kwa kisingizio cha tiba za jadi. Tumezoea kuhubiri nusu ya kwanza ya namba hiyo. Ya pili tunaipita haraka, na wakati mwingine tangazo la tiba ya kila ugonjwa linasomwa baada ya Komunyo kwa vile mwenye kliniki amechangia ujenzi. Maparoko wetu wangetusaidia sana kama wangelikataa.

Na mzee akishaamua kwenda, asikubali kulipia vipindi kumi kwa mkupuo. Alipie kimoja kimoja, dawa zake za hospitali aendelee kuzimeza, na akifika cha tano au cha sita goti likiwa vilevile, fedha iliyobaki imfikishe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya wilaya.