MBWA MREFU KAMA NDAMA: TUFIKIRI KWANZA

Katika mkutano wa muhula uliopita tuliarifiwa ya kuwa mwanafunzi mmoja wa zamani, ambaye Mungu amemjalia katika biashara, ataka kuipa shule zawadi ya vilebu wawili wa aina ya Great Dane, dume na jike, ili wakikua wailinde ghala yetu iliyovunjwa na wezi mara mbili. Wanafunzi walipiga makofi mpaka madirisha yakalia. Mimi sikupiga, na jirani yangu akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa, ila nimekwisha kukaa nyumba moja na mbwa wa namna hiyo, na kwa sababu hiyo naomba nafasi katika gazeti letu.

Mjomba wangu, ambaye ndiye anilipiaye karo, alinunua kilebu wa Great Dane mjini Kampala nilipokuwa mwaka wa pili wa sekondari. Tulimwita Simba. Bei yake ilizidi karo yangu ya muhula mzima, lakini mjomba alisema kwamba bei hulipwa siku moja tu, kisha basi. Hapo alikosea. Bei ya kilebu ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Mbwa huyu huzaliwa hajafika hata kilo moja, na kabla ya kutimiza miaka miwili dume aweza kupita kilo 60, na kila kitu chake hupimwa kwa uzito huo. Dawa ya minyoo hutolewa kwa kilo. Dawa ya usingizi, kama hana budi kupasuliwa, kwa kilo pia. Chanjo peke yake ndiyo haibagui: sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa ni kipimo kile kile kwa mbwa wa kilo 5 na kwa mbwa wa kilo 70. Chakula kikavu cha dukani Simba alikula kilo moja na zaidi kila siku. Mjomba aliposhindwa nacho tukageukia posho na mukene, sufuria ambayo ingewatosha watoto sita. Mke wa mjomba hakusema neno, ila kila alipoipakua aliipiga kwa mwiko kwa nguvu, nasi sote tulielewa.

Walakini kosa letu kubwa lilitangulia siku zile za sufuria. Sisi tulidhani, kama wengi wanavyodhani, ya kuwa mtoto wa mbwa mkubwa yafaa ashibishwe sana ili awahi kukua. Tulimpa chakula bila kipimo, maziwa, na juu yake unga wa kalsiamu ambao mwenye duka alisema utaitia mifupa nguvu. Alipofika mwezi wa tano miguu ya mbele ikaanza kupinda kama upinde, na viungo vya juu ya nyayo vikavimba. Daktari wa mifugo aliuliza tunamlisha nini, na tulipomwambia akatugombeza kweli kweli.

Jambo hili limejulikana zamani. Mwaka 1974 wataalamu wa chuo cha Cornell, Marekani, walitangaza majaribio yao juu ya Great Dane wachanga: walioachiwa chakula kizuri bila kipimo waliharibika mifupa kuliko wale waliopimiwa. Mwaka 1985 wengine wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha ubaya wa kalsiamu iliyozidi. Sababu yake ni kwamba kilebu hana nguvu ya kuikataa kalsiamu ya ziada kama mbwa mzima anavyoikataa. Ikiisha kuingia tumboni, nyingi huingia mwilini, na mifupa hukua vibaya. Wala msidhani kwamba dawa yake ni posho tupu, maana hiyo nayo haina kalsiamu ya kutosha, na mifupa itapinda kwa njia ya pili. Njia iliyopo katikati ni nyembamba. Inataka chakula kilichotengenezwa kwa vilebu wa aina kubwa, kikipimwa kila siku kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, na kilebu awe mwembamba hata ukimpapasa uzisikie mbavu zake. Jikoni petu hapa shuleni ni nani atakayepima? Mpishi wetu ana midomo mamia ya kulisha kabla ya saa moja asubuhi.

Simba alipona miguu kwa kiasi, akawa mzuri wa kutazama. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu, nikiwa nyumbani kwa likizo, usiku mmoja alikataa kulala. Alizunguka uani, akijaribu kutapika na hakitoki kitu, na tumbo lake likajaa kama ngoma. Mimi nilidhani ni chakula kibaya. Kumbe tumbo lilikuwa limejaa hewa na kujipindua, maradhi ambayo huua kwa saa chache, na katika aina zote za mbwa Great Dane ndiye anayeongoza kwa kuyapata. Dawa yake ni kupasuliwa upesi. Tulimpigia daktari simu, akasema chumba chenye vifaa kiko Kampala. Gari la kukodi tulilipata saa tisa za usiku. Mjomba alikaa nyuma, kichwa cha mbwa kikiwa mapajani mwake, na tulikuwa hatujafika nusu ya njia Simba alipokufa. Baadaye ndipo tulipoambiwa kwamba mbwa wa namna hii aweza kushonewa tumbo lishikamane na ubavu kabla hajaugua, na hatari ikapungua sana. Mwuzaji hakulitaja jambo hilo, na sisi hatukujua kuuliza.

Hata asipopatwa na hayo, umri wake ni mfupi: miaka 7 mpaka 10 ni kawaida, na moyo na saratani ya mifupa humwandama. Zeus wa Michigan, Marekani, aliyepimwa sentimita 111.8 begani mwaka 2011 na kutangazwa kuwa mrefu kuliko mbwa wote, alikufa mwaka 2014 akiwa na miaka 5 tu.

Katika mkutano ule mwalimu mmoja alitukumbusha habari za watawa wa St Bernard, ambao tangu karne ya 17 walifuga mbwa wakubwa katika njia ya mlimani baina ya Uswisi na Italia, na mbwa wao Barry, aliyezaliwa mwaka 1800, anasifiwa kwa kuokoa watu zaidi ya 40. Akasema, ikiwa watawa waliweza, shule ya misheni itashindwaje? Namheshimu mwalimu wangu, lakini naomba tuitazame habari yote. Kule ni mita 2,469 juu ya bahari, penye theluji, si joto letu. Tena watawa wale walikaa na mbwa wao mwaka mzima. Hawakufunga shule mara tatu kwa mwaka. Na hata wao, walipobaki wachache na malezi ya mbwa yakawa mzigo, mwaka 2005 waliwatoa mikononi mwao wakawakabidhi kwa shirika lililoundwa kwa kazi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wapiga makofi hawakulifikiri. Great Dane si mbwa wa mnyororo. Ninyi mtamwona ni mkali kwa ukubwa wake, kumbe ataka kukaa na watu. Simba alikuwa akimwegemea kila mgeni mpaka mgeni anayumba. Huko Simon's Town, Afrika ya Kusini, alikuwako Great Dane aliyeitwa Nuisance, ambaye alizoea kupanda garimoshi na mabaharia hata wakamwandikisha katika jeshi la maji la Waingereza mwaka 1939 ili shirika la reli liache kumdai nauli. Huyo ndiye Great Dane halisi: rafiki wa kila mtu. Mkimfunga nyuma ya ghala, atalia au atakuwa mkali kwa wasiostahili, na mbwa wa kilo 60 akimrukia mtoto wa mwaka wa kwanza si mchezo. Askari wetu wa usiku, ambaye ndiye atakayekuwa naye, ni Mwislamu, na mate ya mbwa humlazimu kuosha mara saba. Hakuna aliyemwuliza maoni yake.

Na kwa nini dume na jike? Jike wa aina hii mara nyingi huzaa wanane kwa mara moja, hata zaidi. Hapo zawadi itakuwa imezaa deni.

Sisemi shule isiwe na mbwa. Nasema mfadhili wetu aombwe kwa adabu atupe mlango wa chuma na taa za jua, na mbwa wawili wa kienyeji waliochanjwa, ambao hubweka vizuri na kushiba kwa masazo ya jikoni yakiongezwa mukene kidogo. Ikiwa moyo wake umeshika Great Dane tu, basi aahidi kwa maandishi chakula cha miaka kumi na gharama ya daktari, na atajwe mtu mmoja, kwa jina, mwenye kumlea.

Kamati itakutana Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao. Wakubwa zetu mnaoweza kufika, tafadhali njoni, na kama hamna swali jingine ulizeni hili: likizo ya Desemba, shule ikiwa imefungwa na mpishi amekwenda kwao, vilebu hawa watakaa na nani?