Neno la Mhariri: Anywe Maji, Lakini kwa Nini?

Mzazi wa mtoto mwenye sikoseli hutoka kliniki na maagizo chungu nzima: mtoto anywe maji mengi, asipigwe na baridi, homa isipuuzwe, alale ndani ya chandarua. Yote ni maagizo mazuri. Kasoro ni kwamba mara nyingi hutolewa makavu, na mtu aliyepewa amri tupu hukwama siku likitokea jambo ambalo amri haikulitaja.

Tuchukue hilo la maji. Chembe nyekundu ya damu ni kifuko laini kilichojaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Kwa mgonjwa wa sikoseli, protini hiyo ikishaachia oksijeni huelekea kushikana na kuunda nyuzi ndefu, ngumu, zinazoipinda chembe ikawa na umbo la mundu. Chembe iliyopinda hukwama kwenye mishipa midogo, damu ikashindwa kupita, na hapo ndipo maumivu ya mifupa yanapoanza. Sasa mwili ukipungukiwa maji, chembe nayo hunywea. Himoglobini iliyomo husongamana, na kadiri inavyosongamana ndivyo nyuzi zinavyoundwa upesi. Mzazi aliyelielewa hili hahitaji orodha. Mtoto akiharisha, akitapika, akichemka homa au akishinda juani akicheza mpira, anajua mwenyewe kwamba maji yanapotea na hayana budi kurudishwa mapema.

Wapo watakaosema hayo ni ya madaktari, na kwamba nusu ya sayansi ni hatari kuliko kutojua kabisa. Hoja hiyo ina uzito. Tangu Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipochapisha utafiti wake mwaka 1954, inajulikana kwamba aliyerithi kinasaba cha sikoseli kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hicho kimeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni haba kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mtu akiishia hapo anaweza kutundua chandarua. Lakini nusu hutibiwa kwa kumaliziwa, si kwa kufichwa. Kinga hiyo haimzuii mbu kuuma wala vimelea kuingia mwilini. Tena mtoto aliyerithi kinasaba hicho kwa baba na kwa mama haimfai kitu. Kwake malaria ni hatari kubwa, maana damu yake tayari ni pungufu. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, yake huishi 10 hadi 20.

Hata hesabu ya urithi hupotosha ikitajwa bila maelezo. Wazazi wenye kinasaba kimoja kimoja huambiwa uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni 1 kati ya 4, nao hudhani kwamba akishazaliwa mmoja, watatu wafuatao wamesalimika. Sivyo, kila mimba huanza hesabu upya. Na kwa kuwa wazazi wote wawili wamechangia, lawama anazotwishwa mama peke yake hazina msingi wowote katika biolojia.

Kwa hiyo toleo hili halina ukurasa wa mambo kumi ya kufanya, na makala zilizotufikia na maagizo yasiyo na sababu tumezirudisha kwa waandishi wake. Msomaji, ukikuta humu agizo lililotuponyoka, tuandikie utudai sababu yake.