Risala ya Wazao wa Waliokombolewa wa Freretown Kuhusu Kumbukumbu za Wazee Wao

Mheshimiwa Waziri, Baba Askofu, wakuu wa nyaraka na wazee wetu mliohudhuria,

Sisi ni wazao wa watu waliokombolewa utumwani na kupewa makazi Freretown, Kisauni, Mombasa. Baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini, manowari za Waingereza ziliyakamata majahazi yaliyovunja amri, na tangu 1875 wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) wakawapokea wazee wetu hapa. Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo walishushwa pwani bila ndugu. Asili yao ilibaki katika maandishi ya makarani, nasi twaja kuyaomba.

1. Wengi walibatizwa kwa majina mapya, na jina alilopewa mtoto kwao likaandikwa pembeni au likaachwa kabisa. Kina Yohana ni wengi katika vitabu vya ubatizo, nasi hatujui babu yetu ni yupi. Tunaomba iandaliwe faharasa yenye jina la kwanza, kabila, chombo alimokombolewa na tarehe, popote karani alipoyaandika hayo.

2. Vitabu tulivyobahatika kuonyeshwa vimeliwa na wadudu, na kurasa zinakatika zikiguswa. Kila mara tunaambiwa turudi siku nyingine, nasi tunarudi. Tunaomba vipigwe picha vyote, ukurasa kwa ukurasa, na kila ofisi inayovihifadhi itangaze siku za kuvisoma.

3. Kumbukumbu za CMS zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Bibi wa Kisauni atapata wapi nauli na viza ya kumfuata babu yake huko? Tunaomba Serikali na Kanisa zifanye mapatano ili nakala ziletwe Mombasa, zisomwe bila malipo, pamoja na msaidizi wa kutufasiria mwandiko huo wa Kiingereza cha zamani.

4. Mzee James Mbotela aliweza kuandika *Uhuru wa Watumwa*, kilichotoka mwaka 1934, kwa kuwa baba yake, aliyekombolewa, alimsimulia. Wanaojua masimulizi ya namna hiyo sasa ni wachache, na kila msiba unatupunguzia. Tunaomba wazee waliosalia warekodiwe mwaka huu, na sauti zao zihifadhiwe pamoja na vitabu.

5. Kijana wetu akienda kuomba kitambulisho huulizwa kabila na asili ya babu yake, naye hana la kujibu. Amezaliwa hapa, baba yake kazikwa hapa, lakini anahojiwa kama mgeni. Tunaomba cheti cha ubatizo wa babu kikubaliwe kuwa ushahidi, na asiyekipata asinyimwe haki yake kwa sababu hiyo.

Waheshimiwa, tumevumilia kwa adabu, tukiamini kwamba uwezo wa kuyatengeneza haya mnao. Tunaomba mteue kamati itakayojumuisha wawakilishi wetu, na tujibiwe kwa maandishi.

Ni sisi watiifu wenu,
Wazao wa Waliokombolewa, Freretown