Mgeni wa Saa Chache



Katika nchi kadhaa, abiria anayengoja ndege ya pili huruhusiwa kutoka uwanjani kwa saa chache bila viza, akauona mji, kisha akarudi. Wengi wetu wa Butembo na Beni hatujapanda ndege, lakini ruhusa ya namna hiyo tunaifahamu. Uwanja wetu ni Kasindi. Wakazi wa mpakani huvuka mto Lhubiriha asubuhi, huuza na kununua katika soko la Mpondwe nchini Uganda, na jioni hurudi makwao.

Wako wasemao: “Wanande na Wakonzo ni ndugu, na mpaka ulichorwa na wageni. Nani wa kunipangia saa ya kurudi?” Undugu huo ni wa kweli. Lakini undugu hauondoi wajibu, huuongeza. Aliyepewa siku moja, kisha akapenya hadi Kampala, hamdanganyi askari peke yake. Anajitia mikononi mwa waajiri wanaojua kwamba hawezi kuwashtaki. Tena anamharibia njia mama anayevuka na maharagwe ili alishe watoto. Mlango ukibanwa, mama huyo ndiye wa kwanza kuumia.

Thamani ya mlango huo tumeiona. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini mnamo Agosti 2018, mpaka haukufungwa. Wapitaji walinawa mikono na kupimwa joto. Hata ugonjwa ulipofika wilaya ya Kasese, Juni 2019, njia ilibaki wazi. Lakini Machi 2020, kwa sababu ya Korona, Uganda iliwafungia wasafiri mipaka yake, na wengi wakakosa riziki. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni asiwe chanzo cha madhara.

Wenye mamlaka nao wana deni. Kibali kikiwa na bei isiyoandikwa popote, mpitaji hufundishwa kutafuta njia za panya. Bei ibandikwe ukutani, risiti itolewe, maskini asitukanwe. Kongo imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022. Ujirani huo uonekane kwanza pale kizuizini, mbele ya mwenye mzigo kichwani.

Ruhusa ya saa chache ni amana. Anayerudi kwa wakati humwachia mwenzake mlango wazi.

Tujadiliane kikundini: ni nani atakayezuiwa kesho kwa sababu ya nilivyovuka leo?