Nauli bila Noti: Kadi Ilikosea Wapi?

Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Adha ya nauli nayo aijuaye ni abiria wa matatu. Alfajiri, mwanafunzi anayeishi Githurai hupanda gari la kuelekea katikati ya jiji la Nairobi akiwa na noti moja ya shilingi 200. Utingo huipokea, huikunja kati ya vidole pamoja na nyingine, kisha humwambia, "Ngoja chenji." Gari lifikapo mwisho wa safari, utingo yuko mlangoni akiwaita abiria wapya. Mwanafunzi ama adai baki yake na kuchelewa darasani, ama ashuke na kuisamehe. Jioni mvua ikinyesha, nauli ile ile hupanda bila ilani. Haya ndiyo matatizo ambayo kadi ya nauli iliahidi kuyatatua. Inafaa basi kuuliza ni kwa nini abiria hao hao hawakuikumbatia.

Historia yenyewe ni fupi. Mwaka 2013 kampuni ya Google, kwa ushirikiano na Benki ya Equity, ilizindua jijini Nairobi kadi iliyoitwa BebaPay. Kadi nyingine, mathalani ile ya Abiria, nazo zilijitokeza katika kipindi hicho. Serikali ikaiweka tarehe 1 Julai 2014 kuwa mwanzo wa kulipa nauli bila fedha taslimu. Tarehe hiyo ilifika ikapita, makataa yakasogezwa mbele, na noti zikaendelea kukunjwa vidoleni. Mwaka 2015 huduma ya BebaPay ilifungwa.

Wapo wanaodai kwamba mradi huo uliangushwa na ukaidi wa matingo. Hoja hiyo ina ukweli, ila ni nusu ya ukweli. Kanuni zilizohusishwa na Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004, matatu zilitiwa mikanda na vidhibiti mwendo, na matingo wakavaa sare. Manung'uniko yalikuwapo, lakini kanuni zilifuatwa. Tofauti ni kwamba mkanda haukugusa njia ya fedha. Kadi iliigusa.

Fedha ya matatu haitulii. Kabla ya jua kutua, noti ya abiria huwa imenunua mafuta, imelipia kituo, imemlisha dereva na utingo wake, na pengine imeishia katika kiganja cha afisa wa trafiki. Mwenye gari hudai kiasi maalumu kila siku, na kinachozidi ndicho ujira wa wahudumu. Kadi ilinuia kuipeleka fedha hiyo yote moja kwa moja katika akaunti. Kwa mwenye gari, hiyo ilikuwa dawa ya wizi. Kwa serikali, ilikuwa njia ya kuona mapato na kuyatoza kodi. Kwa utingo asiye na barua ya ajira wala mshahara wa mwezi, ilikuwa sawa na kuambiwa afanye kazi mchana kutwa kisha asubiri hisani. Waama, mkono mtupu haulambwi.

Abiria naye alipata nini? Alitakiwa atafute kadi, aitie fedha kabla ya safari na akumbuke kuibeba. Shilingi zilizosalia ndani yake hazingeweza kumnunulia mkate wala sukuma wiki. Aliyebadilisha magari njiani aliweza kujikuta akihitaji kadi mbili kwa safari moja. Fauka ya hayo, alikuwa tayari na pochi nyingine mfukoni, yaani rununu yake. Huduma ya M-Pesa ilianza mwaka 2007, na kufikia 2013 mama mboga na kinyozi walikuwa wameizoea. Kumpa mtu kama huyo kadi mpya ni sawa na kumuuzia mtungi mtu aliye na mfereji nyumbani.

Watetezi wa kadi hupenda kuutaja mji wa Kigali, ambako kadi ya Tap&Go imetumika tangu mwaka 2015. Mfano huo ni mzuri, ila usomwe kwa ukamilifu. Mwaka 2013 njia za mji huo zilikuwa zimegawiwa kampuni chache kwa mikataba. Mpangilio wa kazi ulitangulia, kadi ikafuata. Nairobi ilitaka kadi itangulie. Huko London nako, kadi ya Oyster ilianza mwaka 2003. Hata hivyo, tangu mwaka 2012 abiria wa mabasi wameruhusiwa kulipa kwa kadi zao za kawaida za benki, na mwaka 2014 ruhusa hiyo ikafika katika reli za chini ya ardhi. Hata jiji lililobobea katika kadi za nauli liliamua kumfuata abiria katika chombo alicho nacho tayari.

Njia mbadala basi haihitaji kubuniwa upya. Kwanza, kila gari liwe na nambari yake ya malipo, iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa nyuma ya kila kiti. Abiria anapotuma nauli kwa simu ya utingo, jina lake humfikia mtu asiyemjua, na kwa abiria wa kike hilo laweza kuzaa usumbufu asioutaka. Pili, ada ya kulipa isimwangukie abiria. Kutuma hadi shilingi 100 kwa M-Pesa hakutozwi, lakini nauli ya masafa marefu huvuka kiwango hicho. Tatu, nauli ibandikwe mlangoni. Hakuna kadi wala simu iwezayo kuizuia nauli kupanda wakati wa mvua ikiwa hakuna bei iliyoandikwa. Nne, ujira wa dereva na utingo uwafikie siku hiyo hiyo kwa njia iyo hiyo ya simu. Aidha, fedha taslimu zisipigwe marufuku, kwa kuwa yupo mzee asiye na rununu, na yupo mwanafunzi ambaye simu yake imezima njiani.

Suala hili linawahusu pia wasomi wa Kiswahili. Kadi zilipewa majina ya Kiswahili, Beba na Abiria, lakini jina pekee halibebi mtu. Abiria na utingo hubishania nauli kwa Kiswahili. Risiti, masharti na maelezo ya kudai baki nayo yanapasa kuandikwa kwa lugha hiyo. Idara za Kiswahili zinaweza kuandaa ilani hizo kwa lugha nyepesi na kuzipeleka kwa vyama vya wenye matatu. Kazi hiyo ingewafaa wengi kuliko istilahi zinazolala makabatini.

Mwanafunzi wa Githurai hana ugomvi na teknolojia. Anachotaka ni kujua nauli kabla ya kupanda, kuilipa kwa kile alicho nacho, na kushuka akiwa na baki yake mkononi. Mpango wowote utakaoshindwa kumpa hayo matatu utafuata njia ya kadi zilizotangulia.