Msaidizi wa kisheria wa mpakani naye afundishwe forodha

Nilimkuta mama mmoja amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya msaada wa kisheria, katika mji wa mpakani ambao leo sitautaja. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Magunia yake saba ya mchele yalikuwa yamekamatwa na forodha kwa madai kwamba nyaraka hazikutimia. Siku ya tatu baada ya kukamatwa alifika ofisini hapo kuomba msaada. Msaidizi wa kisheria alimsikiliza kwa utu, akaandika jina lake kwenye daftari, kisha akamshauri aende akazungumze na mkubwa wa kituo kwa unyenyekevu na awe na subira.

Mama alifuata ushauri wote. Siku niliyokutana naye ilikuwa wiki ya sita.

Wafanyabiashara wengi hawajui maana ya wiki ya sita. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika kwenye mipaka yetu, inampa mwenye mzigo uliokamatwa mwezi mmoja wa kumwandikia Kamishna kwamba anadai mali yake. Mwezi ukipita bila dai la maandishi, mzigo unahesabiwa kuwa umekwisha kutaifishwa. Na kama ulikamatwa mbele ya macho yako, usikae kungoja notisi ya kukufuata nyumbani. Siku zinahesabiwa tangu ulipokamatwa. Yule mama alipoteza mchele wake akiwa anasubiri kama alivyoelekezwa.

Sina nia ya kumsimanga aliyempa ushauri. Nilizungumza naye pia. Ni mtu wa kujitolea, na kwa mambo ya mirathi, ndoa na mipaka ya mashamba watu wa mji ule wanamtegemea kuliko ofisi nyingi zenye viyoyozi. Lakini alifundishwa mirathi, ndoa na mashamba. Hakuna aliyewahi kumwekea mezani hati ya forodha na kumwonyesha mahali pa kuanzia kusoma. Amewekwa mpakani, lakini mafunzo yake ni ya mtu wa kijijini bara.

Hapo ndipo ninapoona kasoro. Nchi zetu zimepiga hatua katika msaada wa kisheria. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2016. Tanzania ilifuata mwaka 2017, na sheria hiyo inawatambua wasaidizi wa kisheria, inataka wapate mafunzo kabla ya kuanza kazi, na inawakataza kutoza ada au kusimama mahakamani kama mawakili. Ni utaratibu mzuri. Tatizo ni kwamba aliyepo Namanga, Sirari au Mutukula hupokea watu wenye shida tofauti na za aliyepo mbali na mpaka.

Wapo watakaosema forodha ni kazi ya wakala, na msaidizi wa kisheria asijiingize. Jibu langu ni kwamba Jumuiya yenyewe iliamua vingine. Utaratibu wa biashara uliorahisishwa uliwekwa ili mwenye mzigo mdogo, wa bidhaa zilizomo kwenye orodha, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, apate cheti cha uasili wa bidhaa palepale mpakani na avuke bila kumlipa wakala. Sasa huyu tuliyemwambia hahitaji wakala, likimfika la kumfika, ataenda kwa nani? Ni kwa huyo huyo msaidizi wa kisheria.

Na msaidizi asiyejua atampotosha hata kwa nia njema. Nimewasikia wakiwaambia akina mama kwamba ukiwa na cheti kile hudaiwi chochote. Si kweli. Cheti kinakuondolea ushuru wa forodha. Hakifuti kodi nyingine za ndani zinazoihusu bidhaa, wala hakichukui nafasi ya kibali cha afya ya mimea kwa nafaka au cha mifugo kwa ng'ombe na kuku. Mtu akivuka na imani hiyo nusu, anakwenda kugombana na afisa katika jambo ambalo afisa yuko sahihi, halafu anakosa nguvu ya kugombania lile ambalo afisa amekosea.

Kuna haki nyingine inayolala kwenye vitabu kwa kukosa wa kuieleza. Usiporidhika na uamuzi wa forodha, una siku 30 za kumwomba Kamishna aupitie upya. Kamishna naye ana siku 30 za kukujibu. Akinyamaza mpaka muda ukaisha, sheria inachukulia kwamba amekubali ombi lako. Soma tena hapo, ndugu mfanyabiashara: ukimya wao unahesabiwa kuwa ushindi wako, lakini kwa sharti kwamba uliandika, uliwahi, na unao ushahidi wa kupokelewa. Kwenda kuzungumza na mkubwa kwa unyenyekevu hakuachi muhuri wala tarehe.

Mawakili nao wasijione wako salama. Mkataba wa Jumuiya, katika ibara ya 30, unamruhusu mkazi wa nchi mwanachama kupeleka shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, dhidi ya sheria au kitendo cha serikali kinachovunja Mkataba. Muda wake ni miezi miwili, na Mahakama hiyo imekuwa ngumu sana kwa wanaochelewa. Wakili wa msaada wa kisheria aliyezoea mahakama za wilaya anaweza kumaliza miezi hiyo miwili akibisha mlango usiohusika.

Halafu kuna hili la uraia. Sheria ya Kenya ya 2016 inawataja wanaostahili msaada wa serikali: raia wa Kenya, watoto, wakimbizi, waliosafirishwa kiharamu, waliohamishwa makwao ndani ya nchi na wasio na uraia. Mganda au Mtanzania mtu mzima aliyekamatiwa mzigo upande wa Kenya hamo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo msaada wake wa kwanza utatoka upande wa kwao, kwa msaidizi ambaye hajui ofisi za ng'ambo wala hana namba ya simu ya mwenzake aliye huko.

Ndiyo maana napendekeza mafunzo ya aina nyingine. Yafanyike mpakani penyewe, si hotelini mjini. Yakutanishe watu wa pande zote mbili ukumbi mmoja, wajuane kwa sura na kwa simu. Yatumie nyaraka halisi: notisi ya kukamata mzigo, cheti cha uasili, risiti, barua ya kumwomba Kamishna. Maafisa wa forodha waalikwe kufundisha, kwa sababu afisa mwema hapendi kuletewa mtu aliyepotoshwa. Na yaendeshwe kwa Kiswahili, lugha ambayo yule mama atahojiwa nayo na atajieleza nayo.

Najua pia udhaifu wetu. Semina zetu nyingi huisha kwa posho, picha ya pamoja na cheti cha kutundika ukutani. Basi kipimo kiwe chepesi. Mwisho wa mafunzo, kila mmoja apewe notisi ya kukamata mzigo na aulizwe mambo matatu: dai linaandikwa kwa nani, ndani ya siku ngapi, na mzigo ukiwa upande wa pili anampigia nani. Asiyejibu arudie mafunzo. Na kwa kuwa sheria na orodha za bidhaa hubadilika, warudi darasani kila mwaka baada ya bajeti za Juni kusomwa.

Fedha za kuendesha jambo hili hazihitaji kuwa nyingi. Ukumbi upo kwenye vituo vya pamoja vya mipakani, maafisa wapo, wasaidizi wapo. Kinachokosekana ni wizara za sheria na wizara za Afrika Mashariki za nchi zetu kukaa meza moja, na vyama vya wafanyabiashara wa mipakani kulidai hilo kwa sauti. Vyama hivyo vimezoea kudai ushuru upungue. Vidai na hili.

Nawe unayevuka kesho alfajiri, kabla mambo hayo hayajatimia, pita kwanza kwenye ofisi ya msaada wa kisheria ya mji wako ukiwa huna shida yoyote. Uliza: mzigo wangu ukikamatwa, nina muda gani? Ukijibiwa uwe na subira, ujue kwamba kazi ya kudai mafunzo haya ni yako pia.