Waacheni wacheza dansi wamsikilize Chopin

Mwalimu wa dansi akipiga makofi, "tano, sita, saba, nane", darasa zima linahamisha mguu kwa pamoja. Inapendeza, sikatai. Lakini waulize wanafunzi hao muziki wenyewe ulikuwa unafanya nini, wengi watakutolea macho tu. Wamehesabu, hawajasikiliza.

Mimi nasema dawa ipo siku nyingi: piano, hasa vipande vifupi vya kina Chopin na Bach. Najua kuna watakaosema hiyo ni kasumba. Subirini kidogo.

Chukua walsi na mazurka. Kwenye karatasi zote zina mapigo matatu, kwa hiyo mwalimu wa kuhesabu atakupa moja-mbili-tatu na kwenda zake. Sasa mkalishe mtu kwenye piano. Walsi inakanyaga pigo la kwanza. Mkono wa kushoto unashuka kwenye sauti nzito, halafu unagusa juu mara mbili, na mwili wenyewe unataka kuzunguka. Mazurka inauhamishia uzito kwenye pigo la pili au la tatu. Ukiicheza kama walsi unaonekana kama mtu anayekimbiza daladala.

Hata mabingwa walibabaika hapo. Mpiga piano Charles Hallé alimwambia Chopin mwenyewe kwamba mazurka zake anazipiga kwa mapigo manne, si matatu. Chopin akakataa katakata. Hallé akamwomba apige tena, akahesabu kwa sauti, zikatimia nne! Chopin akacheka, akaeleza kwamba ndivyo ngoma ya kwao Poland ilivyo. Sasa kama mtunzi mwenyewe haenei kwenye hesabu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataipataje kwa vidole?

Huko Marekani, Louis Horst alilielewa hili. Alikuwa mpiga piano na mkurugenzi wa muziki wa Martha Graham hadi 1948, na wanafunzi wake walikuwa watu wa dansi ya kisasa kabisa. Hata hivyo aliwarudisha kwenye sarabanda na jigi, ngoma kongwe za Ulaya zilizojaa kwenye kazi za Bach, na mwaka 1937 akazitolea kitabu. Alitaka wajue muziki unaanzia wapi, unapumua wapi, unarudi wapi.

Kuhusu kasumba: mchezaji wa ngoma kwetu hahesabu hadi nane. Anamsikiliza mpiga ngoma, na mpiga ngoma anamtazama miguu. Mpiga piano darasani anafanya kazi hiyo hiyo. Anasimama, anarudia kipande, anapiga mkono wa kushoto peke yake mpaka uelewe. Spika iliyounganishwa na simu haina macho.

Ndiyo, kumlipa mpiga piano ni gharama. Basi hata mara moja kwa wiki. Wakati mnasubiri bajeti, itafuteni Dances at a Gathering ya Jerome Robbins, ya mwaka 1969: wachezaji kumi, piano moja, Chopin mwanzo mpaka mwisho. Halafu mniambie kama mlimwona mtu anahesabu.